MFANYAKAZI NAYE AENDE BAHARINI



Nataka kuandika habari ya jambo ambalo wengine wenu watalicheka. Nataka kusema juu ya mfanyakazi kwenda baharini, kuoga maji ya chumvi na kukaa mchangani pamoja na mkewe na watoto wake. Najua mtu mmoja wa Laini Saba, au wa kule Kawangware, atasema: "Huyu naye amekosa la kuandika. Unga umepanda bei, kodi ya nyumba yangoja, naye atuletea habari ya mchanga." Namwomba mtu huyo asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe kama nimesema upuzi.

Reli ya nchi hii ilianzia baharini. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mji huu wa Nairobi ukazaliwa kwa sababu ya reli. Siku hizi njia ya kwenda Kisumu yapita katikati ya Kibera, na kila asubuhi maelfu ya watu huifuata kwa miguu kwenda kutafuta kazi Industrial Area. Watoto wetu hulala wakisikia treni. Lakini ukiwauliza watoto kumi wa Kibera ni wangapi wamekwisha kuona bahari ambako reli hii ilianzia, wengi watakuambia wameiona katika picha tu. Huko Kawangware ni vile vile. Baba anasimama kando ya barabara tangu alfajiri akingoja kibarua cha mjengo, mama anafua nguo za watu Lavington, na mwaka unakwisha. Tena mwingine unakwisha.

Mimi nasema jambo hili si la anasa. Ni jambo la haki ya mfanyakazi, na chama chapaswa kulishika kama kinavyoshika jambo la mshahara.

LIKIZO SI ZAWADI

Kwanza tuelewane juu ya likizo. Likizo si zawadi ya tajiri kwa mtu mpole. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 28, yasema mfanyakazi akimaliza miezi 12 mfululizo apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, na mshahara wake wote. Kifungu cha 27 chasema apumzike siku moja katika kila siku saba. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa tangu utoto kwamba hata Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Hatukufundishwa kwamba aliiuza.

Walakini tazameni tunavyofanya. Mmoja anauza likizo yake apate pesa ya karo. Mwingine anaichukua, kisha anakwenda kufanya kibarua cha mtu mwingine siku zile zile. Wa tatu anakwenda nyumbani shamba, na huko analima, anaezeka nyumba, anazika, anaketi katika kesi ya mpaka, halafu anarudi Nairobi amechoka kuliko alivyoondoka. Sisemi tusiende nyumbani. Nyumbani ni nyumbani. Nasema kwamba katika siku hizo 21 hakuna hata siku moja ambayo baba, mama na watoto walikaa pamoja bila kazi. Mama wa nyumbani ndiye mwenye shida zaidi, maana yeye hana sheria yoyote inayomhesabia siku zake.

Na vibarua je? Ndugu zetu wengi wanaambiwa, "Wewe ni wa kutwa, huna likizo." Wasikubali maneno hayo upesi. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi kwa tajiri mmoja siku za mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kama mtu wa mwezi. Watu wengi wamefanya kazi mahali pamoja miaka mitatu, na bado wanaitwa wa kutwa. Watu hao wafike kwa karani wa chama waandikishe mambo yao.

BEI YA SAFARI

Sasa tuseme mtu amepata likizo yake. Je, aweza kwenda? Tupige hesabu, maana maneno bila hesabu ni kelele.

Zamani ilikuwako treni ya usiku ya reli nyembamba, na daraja lake la tatu, na mtu maskini alisafiri nayo polepole mpaka Mombasa. Safari zile zilikoma mwaka 2017, mwaka ule ule treni mpya ya reli pana ilipoanza. Treni mpya ni nzuri, hapana mtu atakayekataa. Mtu hufika kwa muda wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la chini ilipoanza ilikuwa shilingi 700, ikawa 1,000, na mwanzo wa mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 1,500. Mtoto mdogo hulipa nusu.

Basi chukua baba, mama na watoto watatu wadogo. Wazazi ni shilingi 3,000. Watoto watatu kwa 750 ni shilingi 2,250. Jumla ni 5,250 kwenda tu. Na kurudi, jumla yawa shilingi 10,500. Hapo hujalipa gari la kukutoa Kibera mpaka stesheni ya Syokimau. Hujalipa matatu ya kukutoa Miritini, maana stesheni mpya iko bara, nje ya kisiwa. Hujala wala hujalala.

Kima cha chini cha mshahara wa mtu wa kazi ya mkono hapa Nairobi kilipoongezwa mwezi wa Novemba 2024 kilifika shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo nauli peke yake ni karibu theluthi mbili ya mshahara huo. Mtu huyo hawezi kwenda. Si kwamba hapendi bahari, wala si mvivu wa kupanga. Hawezi. Na hiyo ndiyo maana ya kuwa na chama, kwamba jambo ambalo mtu mmoja hawezi, watu mia waliweze.

MAMBO YA UFUONI

Kwa wale ambao hawajafika, nataka kueleza mahali penyewe. Kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, huko Bamburi, upo ufuo wa umma unaoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Watu wengi huuita Pirates. Ukitoka mjini unavuka daraja la Nyali na kufuata barabara ya Malindi, na makondakta wa matatu wote wanapajua. Mchanga ni mpana wakati maji yamekupwa. Mbali mbele uko mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi makubwa, kwa sababu hiyo maji ya ndani hutulia. Bahari ya sehemu hiyo imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986.

Jumapili na siku za sikukuu, kama Idd, Pasaka na Krismasi, watu hujaa huko kama sokoni. Wako wenye ngamia wa kupanda, wenye mashua, wapiga picha, na vijana wanaokodisha tyubu za magari za kuelea. Wako akina mama na viazi karai, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kaimati, mabuyu na madafu. Mwanamke wa Kiislamu anaoga na nguo zake ndefu, kijana wa bara anaoga na kaptura, wazee wanakaa kivulini, watoto wanachimba mchanga, na hakuna anayemwuliza mwenzake anafanya kazi gani au anakaa mtaa gani. Mtu wa Kibera amezoea kuulizwa anakaa wapi kila anapotafuta kazi. Hapo mchangani haulizwi. Mimi nahesabu hilo kuwa jambo kubwa kuliko maji yenyewe.

Lakini ufuo wa watu wengi hautoshi kwa mchanga na maji tu. Wataka vyoo. Wataka maji baridi ya kujimwagia, maana chumvi ikikauka mwilini mtoto hulia njia nzima. Wataka mahali pa kubadili nguo penye mlango, mahali pa kivuli, mapipa ya taka na waokoaji. Mara nyingi mtu akitaka choo au maji baridi hulipa, na siku za sikukuu foleni huwa ndefu hata watu wakaenda vichakani. Mwenye pesa huingia hotelini akastarehe. Mama mwenye watoto watatu, kila mtoto akitaka choo mara tatu, pesa yake ya chakula imekwisha chooni.

Kuna watu watakaosema serikali haiwezi kutoa vitu bure. Mimi nawauliza: kule Likoni, si mtu anayetembea kwa miguu huvuka kwa feri bila kulipa? Maelfu huvuka kila siku. Ilionekana kwamba kuvuka ni lazima kwa mwananchi, basi ikaamuliwa avushwe. Choo nacho ni lazima, na maji safi ni lazima. Kama meli nzima yaweza kwenda na kurudi bila tikiti ya mtembea kwa miguu, choo cha umma katika ufuo wa umma hakiwezi kushinda serikali.

HATARI YA MAJI

Hapa nataka ndugu wa bara wanisikilize vizuri. Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tumekulia kwenye mito na vijito. Bahari ina desturi yake, nayo haimngoji mtu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, karibu kila siku. Tangu kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, na kila siku wakati huo husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo saa uliyooga salama Jumamosi si saa hiyo hiyo ya Jumatano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, nayo husogea kidogo. Mgeni huja wakati maji yamekupwa, akatembea mbali sana juu ya mchanga, akacheza huko. Hajui kwamba maji yakirudi hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yake. Akigeuka kurudi, mahali alipopita kwa miguu mikavu pamekuwa kilindi kwake.

Tena tyubu si mashua. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu humchukua mtu polepole huku akicheka. Na mtu aliyekunywa pombe asiingie majini, hata kama ni hodari wa kuogelea Mto Nzoia. Mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja, maana mtu azamaye mara nyingi hapigi kelele.

Nasema haya kwa sababu afadhali mtu asiende kuliko aende akarudishwa katika sanduku. Lakini si haki kumwachia mgeni mzigo wote. Kila mlango wa ufuo wa umma wafaa uwe na ubao mkubwa, kwa Kiswahili, unaoonyesha saa za maji kujaa na kupwa kwa siku hiyo. Saa hizo hujulikana mapema. Bandari na wavuvi hufanya kazi kwa saa hizo kila siku. Chaki na ubao ni gharama gani? Na waokoaji waongezwe siku za sikukuu. Nao ni wafanyakazi, yafaa walipwe vizuri na wawe na vyombo vya kazi.

NJIA ZILIZOFUNGWA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeandika orodha ya ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Maana yake ni kwamba mchanga ule unaoloweshwa na maji si wa hoteli yoyote, wala si wa mwenye jumba la kifahari. Ni wako wewe wa Makina, na wako wewe wa Kawangware, sawasawa na mtu mwingine yeyote.

Lakini sheria ilikupa mchanga bila kukupa mabawa. Ili ufike mchangani lazima upite katika nchi kavu, na huko nyuma ya ufuo, tangu Nyali mpaka Shanzu, na kusini huko Diani, ploti zimefuatana, hoteli na majumba, ukuta kwa ukuta. Zilizobaki ni njia nyembamba za kupita katikati. Baadhi yake zimewekwa lango, nyingine zimepandwa maua, nyingine zimekuwa mahali pa kuegesha magari ya mtu. Mimi mwenyewe na wenzangu tuliwahi kufuata njia moja ya namna hiyo, na watoto wamebeba ndoo zao za kuchezea. Askari akatuzuia, akasema njia ni ya wageni wa ndani. Sitataja mahali penyewe, wala simlaumu yule askari. Yeye ni mfanyakazi kama sisi, na pengine naye anakaa katika chumba kimoja na watoto wanne. Alikuwa analinda ukuta wa mtu mwingine ili apate unga.

Tume ya Ndung'u iliyoundwa mwaka 2003, na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma katika nchi hii ilivyogawiwa watu wachache kinyume cha sheria. Kwa hiyo si siri. Na ardhi ya umma haipotei kwa siku moja. Hupotea pale watu wanapoacha kuitumia, kisha wanapoacha kuiuliza.

Sisi wa Kibera tuna mfano mlangoni petu. Lipo bwawa la Nairobi, lililojengwa miaka ya 1950. Watu waliendesha mashua za tanga pale na kuvua samaki. Kwa miaka mingi sasa limesongwa na gugu maji, taka na maji machafu. Lilipokuwa linakufa, ni chama gani cha wafanyakazi kilichosimama kikasema, "Hapa ndipo watoto wetu wangeweza kupumzika, pasafishwe"? Hakuna. Tulidhani bwawa ni mambo ya watu wa mashua. Ndiyo sababu nasema ufuo nao tusiuache kwa kudhani ni mambo ya watu wa hoteli.

Wazee wetu walijua thamani ya mahali pa wazi. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, makuli wa bandarini, watu wa reli na wengineo, jumla yao kama 15,000. Hawakuwa na ofisi kubwa ya kukutania. Walikutana katika kiwanja cha mpira, nao wakakiita Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lilipopata nguvu, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake, mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata mwaka huo huo na kumpeleka Kabarnet. Kama kiwanja kile kingekuwa na ukuta na lango, wangesimama wapi? Mahali pa umma ni mali ya mtu asiye na mali. Mwenye bustani yake hahitaji kiwanja. Anayekihitaji ni mtu wa chumba kimoja.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Msidhani mambo haya ni ndoto yangu. Wafanyakazi wa nchi nyingine walipita njia hii hii.

Huko Uingereza, reli ilipofika Blackpool mwaka 1846, mji ule wa pwani ukawa wa wafanyakazi. Watu wa viwanda vya pamba vya Lancashire walikuwa na wiki yao ambayo viwanda vya mji mmoja vilifungwa pamoja, na mji mzima ukapanda treni kwenda baharini. Hawakuwa matajiri. Waliweka senti kila wiki katika vyama vyao vya akiba, mwaka mzima, na likizo ikifika wakagawana. Wakati huo wengi wao hawakulipwa kwa siku za likizo. Sheria ya likizo yenye mshahara ilipitishwa huko mwaka 1938 tu.

Ufaransa mambo yalikuja kwa nguvu. Mwaka 1936 wafanyakazi waligoma katika viwanda vingi, na mwezi wa Juni bunge likapitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye mshahara. Lakini waliona mara moja kwamba likizo bila nauli ni kukaa kwenye ngazi ya nyumba. Léo Lagrange, aliyesimamia mambo ya michezo na mapumziko katika serikali ile, akashughulikia tikiti maalumu ya treni kwa wafanyakazi, iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40. Laki kadhaa za watu wakaitumia mwaka huo huo, na wengi wao wakaona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Afrika Kusini nako kuna somo lingine. Huko waliweka sheria mwaka 1953 ya kugawa mahali pa umma kwa rangi, na fuo za bahari zikawekewa mabango. Mtu mweusi alisukumwa kwenye ufuo mbaya. Watu waliingia kwa makusudi katika fuo zilizokatazwa, wakafukuzwa, na sheria ile ikafutwa mwaka 1990. Sisi hapa Kenya tangu uhuru hatuna bango la rangi. Lakini nauli isiyolipika na njia iliyofungwa hufanya kazi ile ile ya bango, tofauti ni kwamba havina maandishi.

TUFANYE NINI

Mtu asiseme nimelalamika bila kuonyesha njia. Haya ndiyo ninayoyaomba yaletwe katika mkutano mkuu.

Kwanza, kila tawi lifungue akiba ya safari. Shilingi 60 kwa wiki, kwa wiki 50, ni shilingi 3,000, yaani nauli ya mtu mzima kwenda Mombasa na kurudi. Akina mama wa Kibera na Kawangware wanajua kuchanga na kuzungushiana pesa kuliko sisi wanaume. Yafaa wao ndio washike daftari. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, viongozi wetu wapeleke ombi la tikiti ya wafanyakazi, ya watu wengi pamoja, kwa siku ambazo mabehewa hayajai. Behewa lililo tupu halimfaidi mtu. Wafaransa walipunguza kwa 40 katika mia. Sisi tukipata hiyo, ile familia yetu ya watu watano italipa shilingi 6,300 badala ya 10,500. Mimi nafanya kazi ya reli na siombi jambo la kuiharibu reli. Treni yenye watu ndiyo inayotulinda kazi yetu.

Tatu, tuandikie wenzetu wa Mombasa. Chama cha wafanyakazi wa bandari kiko huko, na KUDHEIHA yenye watu wa hoteli iko huko. Watusaidie kupata ukumbi, au shule iliyofungwa, au uwanja wa kanisa, tulale siku mbili kwa bei ndogo. Nasi tutawapokea watoto wao waje Nairobi waone simba katika mbuga ya taifa na magari-moshi ya zamani katika jumba la kumbukumbu la reli. Hivyo ndivyo umoja wa wafanyakazi unavyojengwa, kwa watu kujuana nyuso, si kwa barua za makarani peke yake.

Nne, vyama vyote viandike barua moja kwa serikali ya kaunti na ya taifa. Idai njia zote za umma za kwenda ufuoni zipimwe, ziwekewe vibao na kufunguliwa. Idai vyoo na maji ya kuoga bila malipo katika ufuo wa umma, ubao wa saa za maji, na waokoaji wa kutosha. Barua hiyo isiwasahau wauza madafu na wapiga picha wa ufuoni. Wasifukuzwe kwa kisingizio cha usafi, maana nao wanatafuta unga.

Tano, sisi wenyewe tuwe na adabu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Tubebe chakula katika vyombo vyetu, na taka zetu turudi nazo. Tukiacha ufuo mchafu tutawapa sababu wale wanaotaka kuujengea ukuta.

Ndugu zangu, najua mshahara ndio kwanza. Lakini mtu apiganiaye mshahara lazima ajue anaupigania kwa ajili gani. Kama ni kwa ajili ya kulipa kodi ya chumba tu, ili apate mahali pa kulala, ili aamke kwenda kazini, basi amekuwa kama behewa, linalovutwa na kurudishwa. Sisi tu watu. Tuna wake, waume na watoto, nao wana haki ya kutujua siku ambayo hatujachoka. Tajiri anajua jambo hili, ndiyo maana yeye huenda Diani kila Desemba.

Naomba kila tawi lijadili maneno haya, na anayepinga naye aandike katika kurasa hizi. Karani wa tawi letu la Kibera ameahidi kuleta daftari la akiba kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Njoni na shilingi 60.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Kibera